Milango Minne ya Ghala Langu

Mimi fujo siiwezi. Muulize yeyote hapa Tunduma. Ghala langu lina vyumba vinne, na kwa miaka kumi na saba mchele umekaa chumba cha kwanza, maharage cha pili, mahindi cha tatu, karanga cha nne. Nimeandika mwenyewe juu ya milango kwa rangi nyekundu. Milango yenyewe ni myembamba, anapita kuli mmoja na gunia lake, basi.

Sasa wiki ile binti yangu Mariam alikuwa nyumbani kutoka chuoni, anakosomea elektroniki. Alikaa juu ya magunia yangu ya mahindi, kompyuta mapajani, kibao chenye chipu pembeni, uso kaukunja. Jumatatu alitakiwa kuonyesha kazi yake mbele ya mwalimu. Mwaka jana alifeli. Akifeli tena, chuo ndiyo basi. Nilimwombea kila swala, lakini mdomoni nilimwambia ashuke, magunia yatapasuka.

"Kinachokusumbua nini hasa?" nikamuuliza.

"Mama, hutaelewa."

Loo! Mimi niliyemzaa! "Hebu jaribu."

Akashusha pumzi. "Ujumbe ukipita hewani unaharibika. Kifaa changu kinausahihisha. Kinaupanga kama jedwali, kinakagua mistari ya kulala, kisha mistari ya kusimama, kinarudia mpaka makosa yaishe. Ndani kuna wachotaji wanne wanaofanya kazi kwa pamoja, na vyumba vinne vya kumbukumbu. Kila chumba kinatoa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mstari wa kulala hauna shida, kila mchotaji ana chumba chake. Wa kusimama sasa! Vitu vyote vinne viko chumba kimoja. Mmoja anachukua, watatu wanasubiri, na ujumbe wa pili umeshafika."

"Basi wasubiri. Mbona makuli wangu wanasubiri?"

Sijafunga mdomo, likaja lori linalotaka mchele mtupu. Anyosisye, mkubwa wa makuli, na wenzake watatu wakavamia mlango wa kwanza, wanakanyagana na kutukanana kwa Kindali. Mariam akainua kichwa. Akaitazama ile milango mitatu iliyokuwa wazi bila mtu. Sikulipenda lile jicho.

Kesho yake nilikwenda Vwawa msibani. Narudi saa kumi, nafungua chumba cha mchele, nakutana na karanga! Na mahindi! Na maharage!

"Nani kaniharibia ghala?"

Anyosisye akamwonyesha Mariam kwa kidevu, mwoga mkubwa yule.

Mzigo wangu huletwa na wafanyabiashara wanne, wa Chitete, wa Galula, wa Ileje na wa Mbozi, na kila mmoja huleta kidogo cha kila kitu. Mzigo wa Chitete Mariam kauacha ulivyo. Wa Galula kausogeza mlango mmoja mbele, mchele ukaenda cha pili, maharage cha tatu, mahindi cha nne, na karanga kwa kukosa mlango zikarudi cha kwanza. Wa Ileje kausogeza milango miwili. Wa Mbozi, mitatu.

"Rudisheni kila kitu!"

"Mama, lori moja tu. Nakuomba."

Likaja la mchele mtupu. Makuli wanne, milango minne, wakatoka pamoja hata bega halikugusana. Likafuata lililotaka mzigo wote wa Ileje, mambo yakawa yale yale. Mariam akaingiza mpangilio huo kwenye kifaa chake, na ujumbe ukatoka msafi kabla wa pili haujabisha hodi. Nikaacha magunia yakae hivyo hivyo kwanza.

Jumamosi akaja mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mteja wa kuchagua. Anyosisye akataka kumpa mchele wa Mbozi. "Awe, mayo!" akamkatalia kwa lugha ya kwao, akanigeukia mimi. Anataka mchele wa Chitete, karanga za Galula, mahindi ya Ileje, maharage ya Mbozi. Makuli wakatawanyika kutafuta, wakarudi mmoja mmoja, wakakutana wote wanne mlango wa kwanza. Vyote vilikuwa humo humo! Wakabanana, gunia likapasuka, karanga zikamwagika mpaka barabarani.

Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Umeona, msomi wangu? Umeona fujo zako?"

Mariam alisimama akiutazama ule mlango, kisha akaingia ndani. Chakula hakugusa. Nilijuta papo hapo. Mtoto ana mtihani keshokutwa, na mimi mama yake namcheka mbele ya makuli! Jumapili akaondoka ameinamisha kichwa, na mimi kuomba radhi sijui kunaanzia wapi.

Jumatatu simu haikutoka mkononi mwangu. Saa nane ikalia.

"Mama, mwalimu aliona kifaa kinafanya kazi, hakuuliza kinafanyaje. Aliuliza kinashindwa wapi."

"Wapi tena?"

"Wenzangu wawili walisema vya kwao havishindwi popote. Kawarudisha wakaanze upya. Mimi nikamwambia, ukichota mshazari, kama alivyochagua yule mama wa Nakonde, wote wanne wanabanana mlango mmoja. Ila ujumbe wangu unasomwa kwa kulala na kusimama tu, mshazari hauombi. Akauliza nimejuaje."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mama alinicheka."

Nikakaa juu ya magunia ya mahindi, yale yale nisiyotaka yakaliwe. "Umefaulu?"

"Nimefaulu, mama."

Nililia kama mtoto, siwafichi. Anyosisye akaja kuuliza kama sasa magunia yarudishwe yalivyokuwa. Nikamtuma rangi nyeupe, afute maandishi yangu ya milangoni. Na yule mama wa Nakonde akirudi, makuli wapange foleni.