Kikao cha Paa Tangu Mwaka 1180

Usiku wa jana niliota, na homa sikuwa nayo, kwamba nimetumwa kukagua kanisa la kijiji kimoja cha Ulaya ya kale. Mimi ni Kastuli, katibu wa kamati ya ujenzi ya kigango chetu. Kanisa letu tumelijenga miaka kumi na tisa na limefika usawa wa madirisha. Mama yangu, Bi Eugenia, anasali chini ya turubai, na ameshaniambia wazi kwamba hataki kuja kuagwa chini ya turubai.

Nikafika uwanjani. Katikati kuna kisima, mbele yake kanisa la mawe lisilo na paa. Nikaiuliza nguzo mbona tao moja ni la mviringo na la jirani yake limechongoka.

"Hapo kamati iligombana," nguzo ikajibu. "Ikaja nyingine na mitindo yake."

Na paa je? Ikasema linajadiliwa. Kikao kilianza mwaka 1180, hakijafungwa kwa sababu mwenyekiti ametoka kidogo.

Naingia ndani. Sakafu nzima ni makaburi ya wajumbe, maana kanuni inasema ujumbe ni wa kudumu. Kila ninayemkanyaga ananong'ona kwamba anaunga mkono hoja. Akidi imetimia, hilo sikatai. Jiwe la mwisho ni jipya, limechongwa: KASTULI, KATIBU. Nikajilaza kupima, likanienea mpaka kidole gumba cha mguu. Niliogopa, jamani, siwafichi.

Natazama mlangoni, uwanja umekuwa wa kigangoni kwetu. Mama ameketi chini ya turubai lililotoboka, mvua inamnyeshea. Nikamuuliza yuko hapo tangu lini.

"Tangu mlipoanza kikao, baba."

Nikaomba kikao kifungwe. Wajumbe wakasema katibu hana mamlaka, kazi yake kuandika. Ni kweli. Miaka kumi na tisa nimeandika "suala la paa limeahirishwa", tena kwa mwandiko mzuri. Nikaona aibu. Nikachota kwa viganja chokaa iliyolundikwa kando ya ukuta, nikaandika juu ya jiwe langu: KIKAO KIMEFUNGWA, KAZI IANZE.

Nguzo ikashusha pumzi. Mbao za paa zikaanza kupanda zenyewe.

Nikaamka. Mama amesimama kando ya kitanda na kikombe cha chai, anaitazama mikono yangu. Ilikuwa myeupe mpaka kwenye kucha. Nyumba yetu ni ya udongo, chokaa haijawahi kuingia humu. Nikainuka nikanawe.

"Usinawe," mama akasema. "Kamati inakaa saa nne. Waende wakaone mjumbe mwenye chokaa mikononi."