Vidole Vinne Kwenye Mninga

Jumatano moja ya mwezi wa saba, mwaka tisini na nne, saa nne asubuhi, fundi Nkwabi alivika soksi ya msasa namba themanini kwenye roli ya mpira, akakaza nati mpaka mpira ukavimba na kuishika, kisha akawasha mota. Karakana yake ilikuwa Kambarage, mjini Shinyanga, na mota aliitoa kwenye mashine ya kusaga iliyokufa. Soksi hizo ni bomba la msasa linalovishwa roli, na hakuna kingine kinachoingia vizuri kwenye pindo la mkono wa kiti. Roli iwe nyembamba kuliko pindo, mbao isitulie mahali pamoja, na usikandamize, maana ukikandamiza unaunguza mbao na kuua msasa. Nkwabi hakukandamiza. Kazi hii aliijua kwa miaka kumi na tisa, na bado mkono wa kushoto wa kiti kile ulikuwa unamtoa roho.

Alikuwa akiusugua tangu Jumatatu. Akiondoa vumbi jekundu la mninga anakuta pindo lina alama za vidole vilivyokamata, vinne tu, kile cha mwisho hakipo. Akirudi kwa namba sitini vinafutika. Akienda kunywa chai, akirudi vimekamata tena. Soksi tano zilikwisha kwa upuuzi huo, na kiti kilitakiwa Jumamosi na Eustace, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko upande wa Geita. Mbao alileta Eustace mwenyewe. Zilikuwa matimba, magogo yaliyoegemeza kuta za duara lake lililotitia mwezi wa tatu. Baada ya kutitia walifukua mpaka kwenye mninga, maana mninga ni mali, wakaishia hapo.

Nkwabi aliupeleka mkono wa kiti dukani kwa Hozefa, muuza vifaa vya mafundi. Hozefa aliugeuza mlangoni penye mwanga, akahesabu vidole, akasema kosa ni la msasa wenyewe. Achukue namba mia na ishirini, yenye mgongo wa kitambaa.

"Vidole vya mtu haviondoki kwa msasa wa karatasi," alisema.

Nkwabi alichukua mbili, akarudi akinuna, kwa sababu jambo hilo angelijua mwenyewe kama hasira isingemtangulia. Namba mia na ishirini ilivilainisha vidole vizuri sana, mpaka kucha zikaonekana. Kucha zilikuwa zimezama ndani ya mbao. Alitupa koleo ukutani.

Adhuhuri akaja Apolonia, aliyewauzia mafundi uji. Alitua chupa yake chini, akaingiza vidole vyake kwenye vile vya mbao. Kisha akasema ni vya Maduhu, mume wake, kidole cha mwisho kilikatwa na mnyororo wa baiskeli. Nkwabi akazima mota.

Habari ya Maduhu ilijulikana. Duara lilipotitia, Eustace alitangaza kwamba Maduhu hakuwamo, eti alitoroka na mawe ya dhahabu siku moja kabla. Aliyetoroka hafukuliwi, wala haliliwi. Apolonia hakunyolewa nywele za msiba, na wakwe walikuwa wakimuuliza mawe yamefichwa wapi. Yeye alitaka kitu kimoja tu, duara lifukuliwe mpaka chini, azike mume wake.

"Usivifute, kaka," alisema.

Nkwabi hakuvifuta. Alivipaka vanishi, akaunganisha kiti.

Jumamosi Eustace alifika na pikapu, amefuatana na Kalisti, katibu wa machimbo yao. Alikalia kiti, akaweka mkono wake wa kushoto, vidole vikamshika. Apolonia alikuwa amesimama mlangoni. Alimwomba kwa heshima zote wakamtoe mumewe.

Eustace alikiri kwamba kile ni kiganja cha Maduhu, hakatai, wafanyakazi wote hushika matimba. Nkwabi akamwambia kwamba mtu aliye kazini hazamishi kucha ndani ya mninga. Hapo Kalisti akatoa daftari, akauliza kiganja kimeonekana mji gani, akajibiwa Shinyanga, akaandika.

"Basi jambo limekwisha," alisema Kalisti. "Kama kiganja kiko Shinyanga, mwenyewe alitoka duarani."

Eustace alijinasua, akasema kiti kinabana, atengenezewe kingine kisicho na mikono. Wakaondoka. Nkwabi alikibeba kiti kichwani mpaka nyumbani kwa Apolonia, njia nzima anatukana, na watu waliomjua wakampisha.

Jumapili iliyofuata baba mkwe wa Apolonia alikuja kutoka kijijini. Alikuwa amesikia habari za kiti. Alikaa kwenye kiti, akatia kiganja chake kwenye kile cha mwanawe, akamsalimu, akampa habari za ng'ombe na za mvua. Apolonia alipiga magoti karibu yake, akasubiri aseme neno la msiba.

"Maduhu, mwanangu," alisema mzee, "rudisha mawe ya watu, urudi nyumbani."

Vidole vikamkaza. Mzee alivibandua taratibu, kimoja kimoja, vyote vinne, akachukua kofia yake akawahi basi.