Nyota Moja kutoka kwa Mtani

Mimi si mgomvi, muulizeni mtu yeyote pale Mtaa wa Nyamwezi, Kariakoo. Wakicheka, wapuuzeni. Nagomba pale tu ninapochokozwa, na wiki ile nilichokozwa mchana kweupe.

Naitwa Mgeni binti Hamis, Mzaramo wa Kisarawe. Nauza cherehani za zamani, zile za kuzungusha kwa mkono. Nazitafuta majumbani kwa watu, nazifungua, nazisafisha, natia mafuta mpaka zinaimba, kisha nazipeleka mnadani. Si mnada wa kupigiwa kengele, ni wa kwenye simu, unaitwa Pandisha Dau. Unaweka picha na bei ya kuanzia, watu wanapandishiana mpaka muda uishe, aliye juu ndiye anachukua. Akishapokea mzigo wake anakupa nyota, moja hadi tano, na maneno mawili matatu chini yake ili wengine wajue wewe ni mtu wa namna gani. Nyota zikishuka, utabaki na cherehani zako ujishonee mapazia.

Mie nilikuwa na nyota tano tupu. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliuza viatu vya mitumba Mchikichini mpaka magoti yakamkataa, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kumwita mwizi. Hakuniachia nyumba wala shamba, aliniachia hilo jina. Kwa hiyo nyota zangu nilizilinda kama mtoto mchanga.

Sasa, cherehani moja nyeusi yenye maua ya dhahabu ikachukuliwa na mzee wa mtaa wa Gerezani, Abdulmalik, mstaafu wa reli. Akanipigia kuuliza nitampelekea lini. Katika mazungumzo akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia mie Mzaramo. Nikasikia kicheko cha kutoka tumboni.

"Lahaula! Nimenunua kitu kwa Mzaramo! Mimi Mnyamwezi wa Tabora, mama. Sasa hiyo cherehani itafika, au mtaiuza njiani mkacheze ngoma?"

"Itafika," nikamjibu. "Tena kwa bajaji, maana si kila mzigo unabebwa kichwani kama mlivyozoea ninyi."

Basi ikawa hivyo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ukimpata humwachii. Nikampelekea mwenyewe, na nyongeza ya sindano tatu juu. Mkewe akajaribu kushona pale pale, akafurahi. Mimi na mzee tukatukanana barazani mpaka majirani wakatoka kuangalia, tukanywa kahawa, nikaondoka na raha zangu.

Kesho yake nikafungua simu nikakuta ameandika:

"Nyota moja. MWIZI HUYU. Wazaramo walizoea kuuza minazi ya urithi ili wakacheze ngoma, minazi imeisha, sasa wamehamia kwenye cherehani. Na hiyo nyota moja ni rambirambi."

Nilicheka mpaka machozi. Na mimi sikulaza damu, nikamjibu hapo hapo chini yake, hadharani: "Babu yako alipofika pwani akaiona bahari aliuliza nani kamwaga maji. Rudisha cherehani, mrudie michembe yenu."

Michembe, kwa asiyejua, ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Wanyamwezi ukiwagusa hapo umewamaliza.

Asubuhi ya pili yake nikakuta duka langu la kwenye simu limepigwa mstari mwekundu: MUUZAJI ANACHUNGUZWA KWA WIZI NA KUTUKANA WATEJA. Limefungwa! Na Jumamosi ndiyo ilikuwa mnada mkubwa wa kuelekea Idi, siku ninayoisubiri mwaka mzima, cherehani zangu zimepangwa ukutani zinang'aa. Mama mmoja wa Mbagala aliyekuwa ameshanipa neno lake akapiga kusema amepata dharura. Dharura gani, na jana tu alikuwa ananibembeleza?

Hilo nilivumilia. Lililoniuma ni Badria, anayeuza madera fremu ya pembeni yangu, mtu tunayekula sahani moja. Alikuja na simu yake mkononi, akainama, akaninong'oneza: "Shoga, kwani umeiba nini?"

"Badria! Wewe wa kuniuliza hivyo?"

"Mi nimeuliza tu, jamani. Si imeandikwa?"

Nikajifunga mtandio, nikaondoka bila kumuaga.

Ofisi ya Pandisha Dau iko Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitasa. Anayeshughulikia malalamiko ni binti anaitwa Janki, mtoto wa mfanyabiashara wa Kihindi, kazaliwa Kisutu, Kiswahili chake kina kasi kuliko changu.

"Shikamoo, dada Mgeni."

"Marahaba. Ule ulikuwa utani," nikasema kabla hata sijakaa.

"Najua, dada. Sikushuka na meli jana. Nilisoma nikacheka mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni."

"Sasa umenifungia nini?"

"Sijakufungia mimi. Walioshtaki ni wanunuzi, tena wengi. Mtu yuko Mtwara, anataka kutuma hela yake, anakuta muuzaji kaitwa mwizi, na muuzaji mwenyewe badala ya kukataa anamtukana mteja babu yake. Wewe hakujui, mzee hamjui. Nimwambieje?"

Hasira zikanipanda.

Janki akanieleza kuna njia mbili tu. Ya kwanza, mzee mwenyewe abadilishe alichoandika. Ya pili, mimi nishtaki kwamba nimetukanwa na kusingiziwa. Hapo nyota itafutwa, duka litafunguliwa leo leo, na mzee atafungiwa asinunue tena. Akanigeuzia simu. "Bonyeza hapa tu, dada."

Nisiwe mnafiki, kidole kilikwenda. Niliiona Jumamosi yangu, niliziona cherehani zangu. Lakini mtani anashtakiwa? Wapi? Mtani anaingia ndani ya kaburi lenu siku ya msiba, analala humo, anagoma kutoka mpaka mmpe chochote, na hakuna anayemwita polisi. Nimshtaki kwa neno alilolisema akicheka, mama yangu angefufuka anizabe kofi.

"Sibonyezi," nikasema. "Mwite mzee."

Gerezani si mbali. Akaja amenyoosha shati, barakashia kichwani, anahema kwa ngazi.

"Shikamoo, mpagazi," nikamwamkia.

"Marahaba, muuza minazi. Kumbe bado hawajakufunga?"

Janki akamweleza kila kitu, taratibu, kwa adabu. Mzee akacheka akijipiga paja. "Mwandike mwizi tena, mjukuu wangu. Safari hii kwa wino mwekundu!"

"Babu, nakuomba ubadilishe yale maneno tu."

Hapo akaacha kucheka. "Nibadilishe? Hiyo si ndiyo kumwomba radhi? Nikimwomba radhi mtani wangu, maana yake nilimtukana kweli. Mimi sijamtukana. Na nani mwenye akili zake atasoma upuuzi ule auamini?"

"Watu, babu."

"Watu gani? Waleteni niwaone."

Nilikuwa nimewaka ndani kwa ndani. Nilitaka kumwambia, mzee wangu, unaniangamiza, jina la mama yangu linakwenda na maji. Lakini ungesemaje? Mtani hakasiriki. Akikasirika ameshindwa, na utani umekufa. Nikasimama.

"Haya, kama hubadilishi, nakutoza faini," nikasema, nikamvua barakashia, huyooo, nikashuka nayo ngazi.

Hiyo nayo ni haki ya mtani, kuchukua kitu chako ukomboe baadaye. Nyuma nilimsikia anacheka, anashuka anajikongoja na mguu wake mbovu. Nikatoka nje, nikakata kona kuingia Mtaa wa Kongo, katikati ya watu na meza na mabegi. Ndipo mzee, kwa sauti yake ya kuitia abiria stesheni, akaachia:

"Mwiziii! Mkamateni Mzaramo huyo! Mwizi!"

Nawaambia, neno hilo halisemwi Kariakoo. Hata kwa mchezo, halisemwi. Alikuwa anacheka, wallahi alikuwa anacheka, lakini watu walikuwa wananitazama mimi. Na mimi nilikuwa nakimbia. Na mkononi nilikuwa na barakashia ya mzee.

Kijana muuza mikanda akanidaka mkono. Mwingine akanivuta mtandio ukaanguka. Kofi likatoka sijui wapi likanipata shavuni, masikio yakalia. "Mama mzima unamwibia mzee wa watu!" "Kofia hiyo hapo!" "Wamezidi hawa!" Nikasema ni mtani wangu, ni mtani wangu, hakuna anayenisikiliza. Nikaona mtu amechomoa ubao wa meza. Nilipiga shahada moyoni, sitanii.

Halafu nikasikia mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Mzee Abdulmalik aliwapita watu wale kama hana miaka, akasimama mbele yangu, kichwa wazi, mikono ameitanua.

"Mwacheni! Mwacheni, nawaambia! Huyu si mwizi! Huyu ni mwaminifu kuliko ninyi nyote hapa! Kaniuzia cherehani nzima, kaniletea mpaka mlangoni, kanipa na sindano ambazo sikumwomba! Anayetaka kumpiga aanze na mimi!"

Wakasimama. Mwenye ubao akaushusha.

"Mzee," muuza mikanda akamwambia, "si wewe mwenyewe uliyepiga kelele mwizi?"

"Nilikuwa namtania! Ni mtani wangu!"

"Sasa sisi tungejuaje?"

Mzee akamtazama yule kijana, akawatazama wale watu wote, mmoja mmoja, na wala hawakuwa watu wabaya, walikuwa watu tu, wengine wameshaanza kuona aibu. Mmoja akaniokotea mtandio, akaukung'uta vumbi, akanipa. Kijana wa mikanda akasema samahani, mama. Wakatawanyika, biashara zikaendelea, mikanda mitatu buku tano.

Tukakaa juu ya robota la nguo mbele ya duka la mtu. Mzee akatoa simu yake mfukoni, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Wanabonyeza wapi?"

Nikamwonyesha. Akaandika muda mrefu, kidole kimoja, anafuta, anaanza upya. Nilimwacha. Alipomaliza akanipa nisome:

"Mimi Abdulmalik wa Gerezani. Nilimwita huyu mama mwizi nikimtania, maana mimi Mnyamwezi na yeye Mzaramo. Nilidhani kila anayesoma anatuona tunavyocheka. Cherehani ni nzima, mke wangu anashonea, na mama huyu ni mwaminifu. Wote mlionisoma mkaamini, naombeni radhi."

Na nyota tano.

"Umesoma vizuri?" akaniuliza. "Radhi nimewaomba wao. Wewe sijakuomba."

"Nimeona."

"Wewe sikuombi hata siku moja."

"Nani kakwambia naitaka?"

Simu yangu ikalia. Ilikuwa Janki: mstari mwekundu umetoka, duka liko wazi, Jumamosi nipo. Nilitaka kushangilia, badala yake nikaanza kulia, kilio cha kwikwi, pale juu ya robota, watu wanapita. Nililia kwa hofu, nililia kwa furaha, na sehemu nyingine ilikuwa hasira ya siku zote zile ambayo sikuwa na ruhusa ya kuionyesha.

Mzee akachanganyikiwa. Hakunitania. Akanishika bega, akaniita mwanangu, akaniuliza taratibu nimeumia wapi, ni lile kofi, au wamenivunja mkono, twende hospitali.

Nikamtazama uso wake. Alikuwa amezeeka ghafla, anangoja nimwambie kitu kibaya. Nikaona kabisa kwamba nikimjibu kwa adabu, nikimwambia sijambo, mzee wangu, ahsante, basi hapo hapo nimempoteza mtani, na atarudi Gerezani na aibu yake mpaka siku ya kufa.

Nikafuta kamasi kwa mtandio.

"Kofi si kitu," nikamwambia. "Kinachoniuma ni kuokolewa na Mnyamwezi. Kwetu nitakwenda kusema nini?"

Akanikodolea macho. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.