Kamera ya Kulikamata Jino

Kipande cha chuma kilipita karibu na sikio la Mwanaasha, kikatoboa bati la ghala na kupotelea migombani. Wanawake wa kikundi chake cha wakulima pale kijijini Matombo walizima mashine, na hakuna aliyethubutu kuiwasha tena. Mahindi yalikuwa yamejaa ghalani, mabichi kidogo, na mawingu hayakuwa yakiondoka mlimani.

Mashine hiyo ya kupukuchulia mahindi ilikuwa imetengenezwa na Bernadeta katika karakana yake ya Bigwa, mjini. Ndani yake lilizunguka pipa la chuma lenye meno, na jino moja ndilo lililong'oka pale lilipochomelewa. Bernadeta aliirudisha mashine mjini kwa lori. Siku hiyohiyo alimwambia fundi wake wa kuchomelea, mzee Ignas, kwamba kazi yake imekaribia kuua mtu. Mzee Ignas alivua miwani yake ya kazi, akaiweka mezani, akaenda nyumbani.

Lakini usiku ule Bernadeta hakupata usingizi. Aliyagonga kwa nyundo meno yaliyobaki, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa imara. Kama si kuchomelewa vibaya, ni nini? Pipa lilizunguka mara kumi kwa sekunde. Jicho la mtu halikuweza kuona chochote ndani yake isipokuwa ukungu wa kijivu.

"Unahitaji kamera ya mwendo wa kasi," Halidi, jirani yake anayepiga video za harusi, alimwambia. "Inapiga picha nyingi kwa sekunde, kisha unaziangalia polepole."

Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam alikuwa na kamera iliyotumika, ya picha elfu moja kwa sekunde. Alitaka alipwe kwanza, na hakukubali ijaribiwe. Duka moja la mjini lilikuwa na simu ya bei nafuu iliyoandikwa kwenye boksi picha mia tisa na sitini. Halidi naye alimjua mtu anayeuza kakamera kadogo ka picha mia mbili na arobaini tu. Bernadeta aliziwaza zote tatu mpaka chakula kikapoa. Alikuwa na uwezo wa kununua moja. Akikosea, asingekuwa na cha kununulia nyingine, na Mwanaasha alikuwa akipiga simu kila asubuhi.

"Mwanangu, mahindi yanaanza kunuka," alisema Mwanaasha kwenye simu asubuhi ile.

"Nakuomba subira, mama. Sitaki kuwaletea kitu nisichokijua."

Walianza na simu. Halidi alimwomba mwenye duka awaruhusu kuijaribu kwenye feni. Alibandika kipande cha utepe mweupe kwenye panga moja la feni, akarekodi, kisha akaisogeza video picha moja moja. Katika picha ya kwanza utepe ulionekana safi. Katika tatu zilizofuata ulionekana sehemu mbili kwa wakati mmoja, umefifia kama mvuke.

"Hizi tatu simu imezibuni," Halidi alisema kwa sauti ya chini. "Imepiga moja, imeona ijayo, katikati ikajaza yenyewe."

Bernadeta aliirudisha simu kwenye boksi. Angekuwa peke yake, angeinunua.

Ikabaki ile ya Dar es Salaam. Idadi ya elfu moja ilimvuta, maana aliona kadiri picha zinavyozidi ndivyo atakavyokuwa salama. Halidi akamuuliza pipa linazunguka mara ngapi.

"Mara kumi kwa sekunde."

"Basi kale kadogo katakupa picha ishirini na nne kwa kila mzunguko, na zote za kweli. Tatizo lako si idadi, dada. Tatizo ni mwanga. Jicho la kamera lazima lifunguke na kufunga haraka sana, la sivyo jino litaonekana kama mstari tu, na likifunguka kwa kitambo kifupi hivyo linahitaji mwanga mkali."

Walikajaribu kale kadogo kwenye feni ileile. Utepe ulionekana safi kila mara. Bernadeta alikanunua, bado hajui kama amechagua kwa akili au kwa uoga.

Saa sita mchana, jua la utosini, waliitoa mashine uani. Waliondoa bati la ubavuni wakafunga plastiki nene inayoonyesha ndani, wakajificha nyuma ya ukuta wa matofali. Mara ya kwanza haikutokea kitu. Mara ya pili pia. Mara ya tatu plastiki ililia kwa kishindo na Bernadeta akakata umeme.

Waliiangalia video kwenye kompyuta ya Halidi. Mfuniko wa juu ulikuwa ukitetemeka. Katika picha moja ulibonyea, katika iliyofuata ukaligusa jino, kisha jino likapinda, na mwisho likang'oka. Halikung'oka lenyewe. Liligongwa.

Mfuniko ule alikuwa ameukata Bernadeta mwenyewe, kwa bati jembamba, ili mashine iwe nyepesi kubebwa milimani.

Alimpigia Mwanaasha kabla ujasiri haujamwishia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Kosa ni langu. Si la mzee Ignas. Nilitumia bati jembamba."

Mwanaasha aliuliza jambo moja tu.

"Umemwambia yeye?"

"Naenda sasa hivi."

Alimkuta mzee Ignas nje kwake, akimenya mihogo. Bernadeta alimsalimu, akamwomba radhi akiwa bado amesimama, kisha akamwonyesha video. Mzee aliitazama mara tatu.

"Bati la milimita tatu," alisema hatimaye. "Na chuma cha pembe katikati, lisibonyee. Nitakuja kesho."

"Ahsante, mzee."

"Ila siku ya kuiwasha Matombo," alisema, akirudia mihogo yake, "atakayesimama karibu nayo ni wewe."

"Ndiyo," alisema Bernadeta. Akavuta kigoda, akaanza kumenya naye mihogo.