Pale Mama Alipovuta Pumzi

Programu ile ya kuandika noti za muziki ilinitoa jasho kuliko kazi yoyote, na mimi ni karani wa shule, nimechapa mitihani miaka kumi na tisa. Ukiongeza noti moja juu, ukurasa mzima unahama. Ukiandika "ng'ambo", neno linakatika vipande na kila kipande kinashika njia yake. Ukitaka kusikiliza ulichoandika, sauti zote nne zinalia kama kengele ya mlangoni. Nilikuwa na daftari la malalamiko, nikiapa kwamba siku moja nitawapelekea walioitengeneza.

"Ongeza na hili," baba alinitania. "Haisikii hata ukiitukana."

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Kisukari kilikuwa kimemnyang'anya macho, na karatasi za wimbo aliomtungia mama zilikuwa zimeliwa na unyevu kabatini. Wimbo ulibaki kichwani mwake tu. Kwaya ilitaka kuuimba siku ya kutimiza mwaka tangu mama afariki, lakini waimbaji karibu wote walikuwa wapya. Wangeimba kile nitakachochapa, basi. Kwa hiyo kila nikitoka kazini tulikaa mezani, yeye akiimba do re mi, mimi nikibofya.

Tulipofika mstari wa pili, ambao kwayani mama alikuwa akiuimba peke yake, baba alinyamaza katikati. Nikangoja. Akaendelea.

"Hapo acha nafasi," akasema.

"Ya mapigo mangapi, baba?"

"Wewe acha tu nafasi."

Nikaweka pigo moja la kimya. Mstari ukawa mwekundu: mapigo yamezidi. Nikaweka mawili, wekundu ukasambaa hadi mstari wa chini. Labda njia ilikuwepo, lakini sikuijua, na nilikuwa nimechoka hoi. Nikajiambia mzee kasahau kidogo, anaona haya kusema. Nikaifuta ile nafasi. Wekundu ukaondoka, na mimi sikumwambia kitu.

Siku ilipofika, baba alikaa kiti cha mbele. Waimbaji walishika karatasi zangu na waliimba vizuri, hilo siwezi kuwanyima. Kwenye mstari wa pili mkono wa baba ukainuka kutoka gotini, kiganja wazi, kuwazuia. Hakuna aliyeuona. Macho yao yalikuwa kwenye karatasi, wakapita moja kwa moja. Mkono ulibaki juu mpaka kiitikio kilipoisha, kisha akaushusha taratibu.

Nyumbani nilikuwa namvua viatu aliposema, "Wameimba vizuri. Ila mama yako mmemwacha nyuma."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa na pumu. Nimekua nikiisikia kupitia ukutani, na bado jambo hilo halikunijia akilini. Pale kwenye mstari wa pili alikuwa akivuta pumzi, na kwaya nzima ilikuwa ikisimama kumngoja.

Nililia pale pale sakafuni, kiatu chake mkononi. "Nisamehe, baba. Ile nafasi niliifuta mimi. Niambie yalikuwa mapigo mangapi, nairudisha sasa hivi."

"Nitajuaje, mwanangu? Nilikuwa namtazama mabega. Yakishuka, tunaendelea. Siku nyingine upesi. Siku nyingine tunangoja mpaka watu wanaanza kutazamana."

Nikawasha kompyuta. Safari hii nilitafuta mpaka nikaipata alama ya kusimama, nukta chini ya upinde. Nilipoibofya, kikafunguka kisanduku kikitaka tarakimu: isimame kwa muda gani? Baba alikaa kando yangu, mkono juu ya meza, akinisubiri. Sikuwa na tarakimu ya kuweka. Nikavuta daftari, nikaandika chini ya malalamiko yote, kisha nikamsomea: "Tunaomba alama ya kumngoja mtu, muda wowote atakaotumia."

Nilidhani atacheka.

"Hata wakiiweka," akasema, "sasa tutamtazama nani?"