Mpishi Alipoonja Chakula cha Ndama

Ndama ishirini na wanne walikuwa wamezama hadi magotini katika shayiri changa, na bado mke wa mwanawe alikuwa akiwapelekea chakula. Jambo hilo lilimkera Mzee Ukoko tangu siku ya kwanza. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wa shule ya bweni alikopika miaka thelathini, na alipostaafu alikuja nalo hapa kwa mwanawe, dereva wa lori ambaye kutwa yuko safarini.

"Mama, unampakulia mnyama aliyesimama ndani ya sahani?" alimtania mkwewe.

"Sahani yenyewe maji matupu, baba," alijibu yule mwanamke, kichwa hakikutoka kwenye ndoo. "Majani machanga yanapita tumboni mbiombio. Wakiongezewa mahindi ya kuparaza na nyasi kavu kidogo, ndipo nyama inashika. Mwenye bucha kaniamini na ndama wake mpaka wanenepe. Nikimharibia, nani atanipa tena?"

Siku moja mkwe akaenda ng'ambo ya mto kutafuta nyasi kavu. Alimwachia mzee kazi moja tu: kumimina magunia mawili ya mchanganyiko horini. Mzee akafungua la kwanza, akafanya alichokifanya maisha yake yote mbele ya chakula cha wengine: akachota kwa vidole, akaonja.

Akatema papo hapo. "Chumvi gani hii! Viumbe vya watu vimekosa nini?"

Magunia yale akayarudisha stoo, akatoa magunia mawili ya mahindi matupu yaliyoparazwa. Ndama walinusa, wakazamisha pua, na hakuna aliyeinua kichwa. Mzee akasimama mikono kiunoni, roho kwatu, kama enzi zile alipoona sahani zikirudi jikoni zimelambwa. Akawaongeza gunia la tatu. Na la nne.

Asubuhi alishtushwa na kelele za mkwewe. Ndama wawili walikuwa wamesimama miguu wazi, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma. Wa tatu alikuwa amelala, anasaga meno.

"Ni kipimo changu," alisema mkwe. "Nimezidisha mahindi. Nimejitia ujuzi nisiokuwa nao." Akatoa simu. "Nampigia mwenye bucha aje awachukue wote. Mimi kazi hii siiwezi."

Simu ikaanza kuita. Mzee aliitazama. Hakuna aliyemwona jana. Angenyamaza tu, siku zingepita, na huyu binti wa watu angeishi akiamini kuwa hajui kazi.

"Si kipimo chako," alisema. "Niliwapa mahindi matupu. Magunia manne. Niliona ya kwako yana chumvi mno."

Mkwe alimtazama kana kwamba kaongea lugha ya mbali. "Uliona? Kwa macho gani?"

"Nilionja."

"Baba! Ile chumvi ndiyo lijamu yao! Wakilamba kidogo inawakolea, wanakwenda kunywa maji, wanarudi malishoni. Wewe umewafungulia mdomo! Si ungeuliza?"

"Mpishi haulizi, mama. Anaonja."

"Haloo?" ilisema simu. "Haloo, kuna nini huko?"

Mzee akaichukua mkononi mwa mkwewe. "Ndama wako watatu wamejaa gesi. Kosa ni langu, si la huyu. Mimi baba mkwe wake."

"Nakuja," alisema mwenye bucha, akakata simu.

Hawakuwa na nafasi ya kununiana. Mkwe aliwatoa wote shambani, akawawekea nyasi kavu peke yake, akaleta chupa ya mafuta ya kupikia ya kuwanywesha ili gesi itoke. "Shika kichwa. Usikiinue sana, atapaliwa. Polepole, baba, huyu si sufuria!" Wawili wakatembezwa kwenye mteremko, kupanda na kushuka, mpaka mzee akahema kuliko wao. Yule aliyelala walimwinua kwa mabega. Alisimama akiyumba, akanyoosha shingo, akamcheulia mzee usoni upepo mrefu wenye harufu ya pombe iliyochacha.

"Alhamdulillahi," alisema mzee bila kujifuta. Mkwe akageukia pembeni. Mabega yalimtikisika, na mzee hakujua kama ni kicheko au kilio.

Mwenye bucha alifika jua limepanda. Aliwabonyeza mbavu wote watatu, mmoja mmoja, kwa vidole vya mtu anayejua nyama. Kisha akamtazama mzee aliyelowa mafuta hadi viwikoni.

"Sasa kuanzia leo nani anawalisha?"

"Yeye," alisema mzee. "Mimi nitawachotea maji. Maji sitayaonja."

Mwenye bucha hakucheka. Alimgeukia mkwe. "Warudi shayirini lini?"

"Keshokutwa. Wakianza na nyasi kavu kwanza."

Akatikisa kichwa kukubali, akatoka, akafunga geti nyuma yake. Ndama wote ishirini na wanne walibaki ndani.