Kijiti Kilichosikia Buti

Jumanne saa nne asubuhi, Adhiambo alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yake, mtaa wa Makongeni, akichambua dagaa wa omena, ndege ya kijivu isiyo na jina ubavuni ilipopita chini chini ikidondosha vijiti vya chuma. Kimoja kilijichomeka katikati ya sukuma wiki zake. Kilikuwa na maandishi: Kifaa cha kijeshi. Hupima uharibifu baada ya shambulio. Usiguse.

Adhiambo hakukigusa. Alikimwagilia maji tu pamoja na sukuma. Angekirukaje na kiko katikati?

Saa kumi jioni kijiti kikasema, kwa Kiswahili cha taarifa ya habari: "Mtu mmoja. Kilo sabini na mbili. Anachechemea mguu wa kushoto. Amevua buti. Amezigonga kizingitini mara mbili."

Mlangoni hapakuonekana mtu. Lakini nani mwingine alikung'uta vumbi la reli hivyo kabla ya kuingia, kama si Phares, mumewe, aliyezikwa Ugenya miaka tisa iliyopita?

"Yawa, Baba Elsie! Leo umewahi," akasema kwa furaha, akaongeza unga kwenye sufuria.

Kufikia Jumatano mtaa mzima ulikuwa umechangamka. Kila kijiti kilikuwa na marehemu wake, wote watu wa reli, wote wakitoka zamu saa kumi. Jacky wa safu ya pili alikuja mbio, leso ikimdondoka.

"Mama Elsie, babangu amekuja! Kijiti kinasema bado ana kitambi!"

Wakacheka mpaka wakashikana. Buchani matumbo ya kuwapikia marehemu yaliisha kabla ya saa tisa.

Sasa, kuta zote zilikuwa na alama nyekundu ya X. Nyumba zingebomolewa Ijumaa, na binti yake Elsie alishamtengea chumba kule mtaa wa Tena. Adhiambo hakutaka kusikia habari za mtaa huo. Phares angefikaje huko? Njia aliyoijua ni hii moja, kutoka relini hadi mlangoni.

Alhamisi afande Wekulo wa jeshi akaja kusoma vijiti. Adhiambo alimshika mkono asimwachilie.

"Afande, si umesikia mwenyewe? Nyumba ina watu. Waambie wasibomoe, tafadhali."

"Nimesikia, mama." Akaandika kwenye daftari. "Vifaa vinafanya kazi vizuri sana. Bila kujua kilichopo leo, kesho tutapimaje kilichoharibika?"

Ijumaa tingatinga lilimaliza safu ya kwanza kabla ya chakula cha mchana. Adhiambo alikaa juu ya kifusi cha nyumba yake, sufuria mapajani. Saa kumi kijiti, kilichokuwa kimepinda kidogo, kikasema: "Uharibifu, asilimia mia moja. Mtu mmoja. Kilo sabini na mbili. Kizingiti hakipo. Bado ameshika buti."

Afande Wekulo akatia tiki.

Adhiambo alipekua kifusi akapata tofali zima, akaliweka chini mbele yake.

"Gonga hapa, Baba Elsie."

Kijiti kikahesabu: amegonga mara mbili. Adhiambo akafunua sufuria, na tingatinga likaanza safu ya kina Jacky.